Ngwaru ya Mama Mughwai

Mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa Itigi, ubavuni mwa stesheni, na marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa behewa la chakula. Alikaanga vitunguu treni ikiwa mbioni na mchuzi haukumwagika. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nilikuwa sijui kupika. Kule Mungaa nilikoolewa walijua wote. Walikuja na bakuli kuonja mchuzi wangu wakaondoka wanaramba vidole. Wote isipokuwa wifi yangu Marietha. Huyo alikuwa anakula, anamaliza, anajifuta mdomo, halafu anasema, "Chumvi imezidi kidogo, wifi."

Basi mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, watu wakiwa bado wanajifunza kuitana ndugu, mama mkwe wangu aliugua homa. Mama Mughwai alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, mzee lakini meno yake yote mazima. Homa ilimpiga, ikamwachia, lakini hamu ya kula haikurudi. Nikampikia uji wa ulezi, akageuza uso ukutani. Nikamchinjia kuku, nikamchemsha mpaka mifupa ikalainika, akageuza uso ukutani. Maziwa, ukutani. Ule ukuta ulikuwa umeona vyakula vingi kuliko sisi.

Bwana dawa alikuja akampima, akamgonga gonga mgongoni, akatutoa nje. "Haumwi tena," akasema. "Akila atapona. Asipokula, mimi sina sindano ya kumlisha. Msije mkanilaumu." Mume wangu Mughwai, na ukubwa wake wote ule wa mabega, akaenda zizini akasimama na ng'ombe mpaka jua likazama. Alikuwa analia. Mimi nilijifanya sikuona.

Kitu kimoja tu mama alikuwa anakitaka, na alikitaja kila tulipomsogezea sahani. "Nataka ngwaru."

"Ngwaru gani, mama?"

"Ngwaru."

Ngwaru! Tukawauliza wazee wa Mungaa, wakasema hilo si neno la Kinyaturu. Tukakumbuka kwamba mama si Mnyaturu wa kuzaliwa. Aliletwa huku msichana mbichi, kwao ni Iramba, kijiji fulani cha mlimani juu ya Kinampanda, binti wa mzee aitwaye Kitundu. Tukampata fundi cherehani mmoja Mnyiramba, tukamuuliza. Akawaza, akakuna kichwa kwa mkasi, akasema hajui, labda ni Kinyiramba cha zamani.

Marietha akaona nafasi yake. Tulikuwa jikoni, wanawake wengine wapo. "Mtu akiwa mgonjwa anakumbuka chakula cha kwao," akasema huku anapepeta, "hasa kama chakula cha hapa kinamshinda kumeza. Mapishi ya stesheni haya, nayo yana moshi wa makaa."

Damu ikanipanda. Mimi hasira zangu haziji kwa miguu, zinakuja kwa treni. "Vizuri," nikasema. "Nitakwenda mwenyewe mpaka huko kwao. Nitaijua hiyo ngwaru ni nini na nitampikia kwa mikono hii hii. Nikirudi bila kitu, wifi, chukua mwiko, jiko liwe lako, na mimi nitakula utakachonipa nikisema asante."

Nilikuwa nimeshasema, na kurudisha maneno mdomoni sijawahi kujifunza.

Mughwai akanitafutia lori lililokuwa linakwenda Kiomboi kufuata pamba. Nikalala Singida mjini kwa jamaa, alfajiri nikapanda tena juu ya magunia matupu, upepo wa huko unapiga kana kwamba umetumwa. Utingo akanishusha Kinampanda jua likiwa linaanza kuchoma. "Kijiji cha akina Kitundu?" nikauliza barabarani. Wakanionyesha kilima. Kilima chenyewe kilikuwa kimejaa majabali makubwa, mengine yamekaa juu ya mengine kwa namna ya kutisha, na katikati yake kinjia chembamba kinapanda kwenda juu. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaanza kupanda.

Nusu ya mlima nikakutana na kijiji. Nilikuwa nategemea nyumba za tembe zilizotawanyika, kila mtu na ua wake wa manyara, kumbe wenzangu walikuwa wameshaingia ujamaa. Nyumba zimepangwa mstari mmoja juu ya mgongo wa kilima, mpya, udongo bado unanukia, bendera ya TANU katikati. Ukigeuka nyuma unaona tambarare chini, pana, ya rangi ya mkate, na vumbi la ng'ombe huko mbali. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Sisi watu wa reli tumezoea kuona nchi ikipita. Sikuwa nimewahi kuona nchi imetulia vile.

"Wewe ni nani, na umetoka wapi?" Sauti ya mtu mwenye cheo. Ndivyo nilivyomjua Naftali, balozi wa nyumba kumi, mzee mfupi mwenye kofia iliyopauka na tabasamu la mtu asiyekosa neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Viatu mkononi, mkoba begani. Bibi Maendeleo?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mke wa mtu." Nikamweleza yote: mama yangu mkwe, mzee Kitundu, kitanda, ukuta, ngwaru. Nikamwambia kwamba mama asipokula atatutoka.

Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akasema, "Mzee Kitundu nimemsikia jina tu. Mimi nimehamia hapa juzi juzi na hawa wa kijiji kipya. Watu wake wameshatawanyika, wengine Kiomboi, wengine makaburini. Lakini ngwaru..." Akainua uso angani. "Ngwaru, ngwaru. Ehee! Itakuwa ni mlenda. Mlenda wa mke wangu. Njoo."

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua watu wa kilima kile, na nitasema wazi, hata leo nawapenda kwa tabia yao hiyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumwambia mgeni "sijui" kwenye jambo la chakula. Ukimuuliza njia, atasema sijui. Ukimuuliza bei ya ng'ombe, atasema sijui. Lakini ukimuuliza ngwaru ni nini, ni aibu, maana ni kama kusema kwake hakuna kitu cha kumpa mgeni. Kwa hiyo kila nyumba ngwaru ilikuwa ndiyo kile kilichoko jikoni.

Kwa Naftali nililetewa ugali wa mtama, mwekundu, mzito, na mlenda ulioungwa karanga. Nikanawa, nikamega, nikachovya. Mtoto wa mpishi hawezi kula bila kupima: karanga zilikaangwa kwanza ndipo zikatwangwa, chumvi kidogo, na ule mlenda ulivutika vizuri mpaka unapaswa kuukata kwa kidole. Nilikula nikasikia raha mpaka kwenye magoti. Lakini Mungaa tunakula mlenda kila siku ya Mungu, na mama angeujua kwa jina lake.

"Siyo hii, mzee."

"Siyo?" Naftali akavaa kofia, akaivua tena, akamalizia ugali wangu. "Basi twende kwa Selina. Itakuwa michembe."

Selina alikuwa mama mwenye kicheko kikubwa, amejifunga kanga ya kijani, anaanika viazi vitamu juu ya jabali. Kule juu majabali ndiyo ungo wa kila mtu: kila nyumba na jabali lake, na hakuna anayeanika kwenye jabali la mwenzake hata kama ni ujamaa. Akanipa michembe iliyochemshwa na karanga, tamu, laini, inanata kwenye meno. "Hii ndiyo ngwaru yenyewe," akasema bila kupepesa macho, "bibi yangu alikuwa akiiita hivyo."

"Jana ulikuwa ukiiita michembe," mumewe akasema kutoka ndani.

"Wewe nyamaza, nani kakuuliza?"

Tulicheka mpaka nikapaliwa. Nikatoka kwa Selina na kifurushi cha michembe kwenye mkoba na tumbo linaanza kunilaumu. Kutoka hapo tukaenda kwa mtu wa mizinga. Akanikatia sega la asali nyeusi ya porini, ikanishuka kooni na harufu ya moshi na maua, akaapa kwamba ngwaru ni asali iliyokomaa. Tukaenda kwenye shamba la kijiji. Wanawake walikuwa wanapalilia mstari kwa mstari, wanaimba, na kando yao chungu kikubwa cha kande za kunde kinatokota kwa ajili ya wote. Wakanikaribisha kwa vigelegele kama bibi harusi. Nikapewa jembe kwanza, ndipo nikapewa kande. Nikalima, nikala, na kila mmoja pale akanipa maana yake ya ngwaru, na wawili wakakasirikiana kabisa kuhusu jambo ambalo wote hawakulijua.

Kila nyumba ilikuwa lazima ule. Ukisema nimeshiba unaambiwa onja tu, na ukionja unaambiwa mbona hukula. Naftali alikuwa anavua kofia mbele ya kila bakuli kwa heshima ile ile, hachoki. Togwa ya uwele nyumba moja, baridi na chachu ya kuamsha mwili. Kisha kuku wa kuchoma, ngozi yake inalia chini ya meno. Nikafika mahali ninatembea kama mama mjamzito wa miezi tisa. Na bado, jamani, nilikuwa ninafurahi. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kula siku nzima chakula ambacho hakuna mtu anayesubiri nikosee.

Halafu jua likaanza kushuka upande wa pili, na furaha ikashuka nayo. Nyumba zilikuwa zimekwisha. Nilikaa juu ya jiwe chini ya bendera nikamfikiria mama amelala ameangalia ukuta, na Mughwai na ng'ombe wake. Nikamfikiria na Marietha ameshika mwiko. Machozi yakanitoka, ya hasira na ya huruma pamoja, sikujua yapi ya nani.

"Hakuna nyumba nyingine, mzee?"

"Zimekwisha, mwanangu."

"Na ule moshi?" Kwa maana juu kabisa, kwenye kichwa cha kilima, palikuwa na moshi mwembamba unatoka nyuma ya majabali.

Naftali akakohoa. "Pale hakuna mtu."

"Moshi bila mtu?"

"Ni bibi mmoja mbishi," akasema, na uso ukambadilika. "Tumemwambia ahamie kwenye mstari na wenzake, amekataa. Tumemjengea nyumba, anaweka kuku ndani yake. Kwenye kijiji changu mimi! Wakubwa wakija nawaambia ule ni moshi wa wachoma mkaa. Mwanangu, usipande, ataanza kutukana mpaka nguo yako."

Mimi nilikuwa nimeshapanda. Nilimsikia nyuma anahema, ananifuata kwa sababu mgeni wake alikuwa ni mgeni wake.

Juu palikuwa na tembe moja ya zamani, paa lake la udongo limeota majani, mafiga ya vyungu mlangoni na vyungu vibichi vinakauka kivulini. Nikataka kupiga hodi. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti kutoka ndani ya ua.

Ngwaru. Ngwaru. Ngwaru.

Nikakimbia, mimi na tumbo langu, nikazunguka ukuta. Bibi kizee alikuwa ameketi chini, mguu mmoja umepinda kwa kilema, chungu kati ya magoti yake, kipande cha kibuyu mkononi, na alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwa nguvu zake zote. Ngwaru, ngwaru, anakwangua. Anachomoa kipande cheusi kwa chini na chekundu kwa juu, anatia mdomoni, kinavunjika.

Ukoko! Haki ya Mungu, ukoko! Nani angefikiria? Kwetu ukoko ni wa watoto, wanagombania jikoni wakubwa wakiwa hawapo. Umpelekee mkwe wako ukoko? Ni kumwambia kwamba yeye si mtu. Mwanamke wa Mungaa akimwekea mama mkwe ukoko kwenye sahani, kesho yake anarudishwa kwao na wazee nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukija na huyu mtu wa mistari, rudi naye."

"Nimetumwa na binti wa mzee Kitundu. Yule aliyeolewa Unyaturu. Yuko kitandani, hali chakula. Anataka ngwaru."

Kile kibuyu kikasimama. Bibi akaniangalia kama anayedhani amesikia vibaya. "Anataka nini?"

"Ngwaru."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chungu kikataka kumponyoka, na machozi yanamtiririka kwenye mikunjo ya uso, na mimi nikacheka na kulia naye bila kujua bado kwa nini. Naftali alisimama ukutani na kofia mkononi.

"Mimi ni Dina," bibi akasema alipopata pumzi. "Mdogo wake. Hilo neno si Kinyiramba wala Kinyaturu. Ni neno letu sisi wawili. Mama alikuwa akimaliza kupakua anatutupia chungu nje, dada na mimi, na chungu kinasema ngwaru ngwaru, basi tukakiita hivyo. Tulikuwa tunapigana, mwanangu! Alikuwa ananisukuma, ananikalia, ananing'ata mkono. Hajawahi kuniachia hata siku moja." Akajifuta macho kwa kiganja. "Bado ni mkorofi?"

"Bado, bibi. Hata ukuta unamwogopa."

"Mungu asifiwe," akasema Dina. Kisha akaingiza kibuyu chunguni tena akaendelea kukwangua, na hakunipa hata punje.

Naftali akavaa kofia yake. "Kumbe bibi ni binti wa Kitundu mwenyewe! Si ungesema!"

"Uliniuliza nyumba yangu itakuwa ya ngapi kwenye mstari," Dina akamjibu. "Hukuniuliza mimi ni nani."

Akanifundisha jioni ile. Unga wa mtama usagwe kwa jiwe, usiwe laini sana. Ugali usongwe kwenye chungu cha udongo, maana sufuria haisemi. Ukishapakua, unabakiza wa kupaka ukutani mwa chungu, unakirudisha juu ya makaa yaliyokaribia kufa, unakiacha mpaka ukoko uanze kujikunja wenyewe ukingoni. Alinichagulia chungu kati ya vyungu vyake, akakigonga kwa ukucha kusikiliza kama kina ufa, akanipa na kipande chake cha kibuyu. Nikalala kwake, nikaamka na chungu mikononi. Naftali mwenyewe alikibeba mpaka barabarani. Kwenye lori nilikipakata njia nzima, utingo akaniuliza kama mtoto amelala.

Nikalala tena Singida, nikafika Mungaa kesho yake jua likiwa bado juu. Nikapita uani bila kumsalimia mtu vizuri, nikawasha moto, nikasaga, nikasonga. Nikafuata kila neno la Dina. Ukoko ulipojikunja ukingoni, mwekundu, unanukia, nilijiona mkuu wa wapishi wote wa reli tangu Dar es Salaam hadi Kigoma.

Marietha akachungulia. Akaona. "Ukoko?" akasema. "Wifi, umekwenda mpaka Iramba kumletea mama ukoko?" Akatoka akawaita wengine. Mughwai akaja, shangazi zake wakaja, wote wamejaa mlangoni mwa chumba cha mama.

Na mimi nikaona haya. Ndiyo, nilirudi nyuma. Yale macho yote! Nikautoa ukoko vipande vipande vizuri, nikaupanga kwenye sahani ya maua, nikafunika kwa kitambaa nilichodarizi, nikapiga magoti kama mkamwana mwenye adabu.

"Mama, ngwaru yako."

Akafunua kitambaa. Akaangalia. Akageuza uso ukutani.

Nyuma yangu nikasikia Marietha anavuta pumzi, ile ya mtu anayejiandaa kusema. Sikumpa nafasi. Treni ilikuwa imeshafika. Lori, majabali, kande, michembe, tumbo langu, chungu mapajani siku nzima! Nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi na chungu chenyewe, bado kina ukoko wa chini ambao sikuutoa, nikajitupa sakafuni katikati ya chumba, nikaweka chungu kati ya magoti.

"Basi!" nikasema. "Hutaki? Nakula mwenyewe! Nakula wote!" Nikachukua kibuyu cha Dina nikaanza kukwangua kwa hasira, ngwaru, ngwaru, ngwaru, na kutafuna mbele ya wakwe zangu wote mdomo wazi.

"Stumai!" Mughwai akasema.

"Ana wazimu," Marietha akasema.

Kitanda kikalia. Sikuinua kichwa, nilikuwa ninakwangua na kulia. Mkono wenye mishipa ukaja kutoka juu, ukaniparua kiganja, ukashika ukingo wa chungu. Nikavuta. Ukavuta. Hapo ndipo akili ilinijia. Hajawahi kuniachia hata siku moja, alisema Dina. Mama hakuwa anataka kupewa. Tulikuwa tumempa, tumempa, tumempa, mpaka tumemchosha.

Nikavuta kwa nguvu. "Ni changu!" nikasema.

"Toa mkono!" Mama Mughwai akasema, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu homa. Akashuka kitandani na shuka lake, akaketi sakafuni mbele yangu, akanisukuma bega. Akaninyang'anya kibuyu. Akakwangua. Kipande kikatoka kipana kama kiganja, akakitia mdomoni, na chumba kizima kikasikia kikivunjika kwenye yale meno yake.

Akala. Nikajaribu kuiba kipande, akanipiga kofi mkononi. Akala tena. Mughwai alishika mlango na mikono yote miwili. Shangazi mmoja akaanza kupiga kigelegele, akakimeza, akashindwa, akakipiga.

Marietha akasogea polepole, akachutama karibu yetu, uso umelowa. Alikuwa binti yake, jamani, alikuwa anaogopa kama sisi. Akanyoosha mkono kuelekea chunguni. "Mama, na mimi..."

"Wewe unajua kugombana?" Mama akamuuliza mdomo umejaa. "Hujui. Wewe unajua kusema tu. Kalete maziwa."

Marietha akaondoka mbio kwenda kuleta maziwa.

Chungu kilikuwa kimebaki cheupe ndani. Mimi nilikuwa nimepata vipande viwili vya kuiba na mikwaruzo kiganjani, nimeshindwa vibaya sana. Nikadhani amenichanganya na mdogo wake, na nikaona haya kumtoa kwenye ndoto yake. Nikasema polepole, "Dada, umemaliza wote. Hujaniachia."

Mama Mughwai akaniangalia, macho makavu na makali, ya mtu aliyerudi nyumbani na kukuta fujo.

"Dada yako nani?" akasema. "Wewe ni Stumai, mke wa mwanangu. Dina asingevuta hivi, alikuwa analia mapema." Akanisukumia chungu kwa mguu. "Songa kingine. Na safari hii weka mkono wako mbali."